Kuinamia Boriti Isiyokuwepo

Benchi ni langu. Nalisema mapema kwa sababu mwisho wa habari hii litaondoka, na sitaki mtu aje aseme nililitoa kwa roho safi tangu mwanzo. Linakaa mbele ya duka langu la mishumaa hapa Fes, pale uchochoro unapokaribia kaburi la Walii wetu, Mulay Idrisi, na linakaliwa kutwa na watu ambao hawajaninunulia hata utambi. Wa kwanza ni Kadhi. Hajawahi kuwa kadhi hata siku moja, alikuwa kinyozi, ila hukumu zake zote alizitoa wembe ukiwa shingoni mwa mtu, kwa hiyo watu walizoea kukubali. Wa pili ni Redio, anayechemsha kahawa pembeni kwenye jiko la mkaa, kahawa ya mdalasini na pilipili manga, tamu ajabu, lakini huinywi bila kusikiliza taarifa ya habari. Wa tatu ni mimi, wananiita Nta. Na mbele ya benchi, toka ukuta huu hadi ule, ilikuwapo boriti ya mwerezi iliyokatisha njia, nyeusi kwa kushikwa na mikono. Mtu anayekwenda kwa Walii hupita chini yake akiinama. Nyumbu hapiti, hapo ndipo mzigo unaposhushwa, ukaingia ndani kwa mabega ya watu. Imekuwa hivyo tangu enzi za mababu wa mababu. Basi juzi mchukuzi mmoja aliyebeba kabati la bi harusi akaigonga kwa kona, boriti ikakatika, na kipande cha ukuta kikamwagika pamoja na tundu lake. Leo asubuhi akaja Fundi Ayashi, seremala, na boriti mpya begani. Akaiegemeza dukani kwangu bila kuniomba, akauliza swali dogo tu.

Ayashi: Ile ya zamani ilikuwa juu kiasi gani?

Tukatazamana.

Kadhi: Juu ya nini?

Ayashi: Juu ya ardhi, mzee wangu. Ilifika wapi?

Redio: Ilifika hapo.

Ayashi: Hapo wapi?

Redio: Hapo ilipokuwa! Kwani wewe hujawahi kupita?

Ayashi: Nimepita maisha yangu yote. Ndiyo maana nauliza. Tundu limebomoka, hakuna alama, na msimamizi wa wakfu anataka boriti iwe imekaa kabla ya alasiri.

Mimi: Mimi ilinifika kidevuni.

Kadhi: Nta, wewe videvu unavyo viwili. Kipi?

Mama mmoja akapita na sinia la mikate ya kupeleka tanuri. Akainama, akatusalimia, akaenda zake. Tukamwitikia, tukaendelea kubishana.

Kadhi: Fundi, kaa hapa, unywe kahawa. Huwezi kujua kimo cha kitu kabla hujajua kiliwekwa kwa ajili ya nini. Boriti iliwekwa kwa ajili ya nyumbu. Mnyama asiingie kwa Walii na samadi yake. Basi kimo chake ni kifua cha nyumbu. Nenda kapime.

Ayashi: Nyumbu yupi?

Kadhi: Wa wastani.

Redio: Ati nyumbu! Walii mzima awekewe boriti kwa sababu ya nyumbu? Kadhi, acha kutuaibisha mbele ya fundi. Sikilizeni habari yenyewe. Zamani mtu akiwa na kesi, akakimbia, akapita chini ya boriti, basi. Hagusiki tena. Anakaa kwa Walii mpaka wazee waseme maneno yao na hasira za watu zishuke. Sasa akatokea jemadari mmoja, anamfukuza mnyonge mmoja, yuko juu ya farasi.

Mimi: Jemadari gani?

Redio: Mmoja. Mwenye farasi. Watu wa mtaa huu wakasema, huyu hatamsikiliza mtu akiwa huko juu. Wakavuta boriti, wakaikatisha usawa wa goti lake. Ama avunjike goti, ama ashuke. Akashuka. Na akishuka si ni mtu kama mimi na wewe? Kwa hiyo, fundi, pima goti la mtu aliyepanda farasi.

Ayashi: Farasi wa wastani?

Redio: Sasa umeelewa!

Ayashi akaipokea kahawa. Nilimwona anaitazama boriti yake mpya kama mtu anayetazama mtoto aliyekataliwa shule.

Kadhi alipoona hadithi ya Redio imependwa, akakohoa. Kadhi akikohoa hivyo, ujue hukumu inakuja.

Kadhi: Hebu nikuulize, Redio. Karibu na Walii kuna nani?

Redio: Kuna sisi.

Kadhi: Kuna mishumaa. Kuna udi, marashi, halua ya lozi. Ukitoka nje kidogo, vitabu na hariri. Ukitoka tena, viatu. Halafu wale wa shaba na makelele yao. Na wachuna ngozi wako wapi?

Redio: Mtoni, kule chini.

Kadhi: Nani aliwapanga hivyo? Alikuja mpimaji na kamba? Hakuja. Uliona ramani? Hakuna. Ilikuwa pua! Walii amelala katikati, basi kila kinachonuka vibaya kikaambiwa sogea, sogea, sogea, mpaka asikisikie. Huu mji umejengwa kwa pua, na boriti ndiyo mpaka. Iliwekwa usawa wa pua.

Redio: Pua ya nani? Maana ikiwa yako, haitapita hata paka.

Mimi: Kwa hiyo mimi niko hapa kwa sababu ninanukia?

Kadhi: Mishumaa yako ndiyo inanukia. Wewe ulifuatana nayo.

Redio hakukubali kushindwa. Akaweka birika chini, na hilo hulifanya mara chache sana.

Redio: Mnaujua ukweli lakini mnauogopa. Vichochoro vyote vya mji huu vinateremka kuja wapi? Hapa! Nyumba imeegemea nyumba, ile imeegemea nyingine, na ya mwisho imeegemea kaburi la Walii. Boriti hii ndiyo kifungo cha joho. Ukikiacha wazi muda mrefu, mtasikia kruuu, mji mzima unateremka kuingia mtoni. Wa kwanza kushuka ni wale wanaokaa juu kule lango la mji, na lango lao la fahari.

Kadhi: Na kimo?

Redio: Kifungo cha joho kinakaa wapi? Kifuani!

Kadhi: Si ndipo niliposema mimi mwanzo?

Redio: Wewe ulisema kifua cha nyumbu.

Nikaona na mimi nitoe yangu, maana benchi ni langu. Nikasema boriti iliwekwa na babu yangu, kwa biashara. Mtu akitembea wima haoni rafu ya chini. Akiinama, macho yanaangukia mishumaa. Walicheka mpaka Ayashi akamwagikiwa kahawa. Kadhi akasema kama ni hivyo, babu yangu alipata hasara kubwa, kwa sababu wao wanainama hapo kila siku na mshumaa hawajawahi kuuona.

Tulikuwa katikati ya kicheko hicho tuliposikia, “Balak! Balak!”, yaani pisheni. Tukabana miguu tupishe nyumbu. Nyumbu hakuwepo. Alikuwa Bushta peke yake, anakimbia. Bushta ni mwenye nyumbu, na kwa mazoea hawezi kukimbia bila kupiga ukelele huo.

Bushta: Fundi! Fundi, nakuomba, usiiweke kwanza!

Ayashi: Hata nikitaka siwezi, ndugu yangu. Hawa wanapima pua.

Bushta: Mama anarudi leo.

Kicheko kikakatika palepale. Kadhi akasema alhamdulillahi, Redio akasema alhamdulillahi, na mimi nikaisema kuliko wote, sioni haya kusema.

Mama yake Bushta ni Lalla Shama, yaani Bi Shama. Nyumba yake ni ya kwanza ukishavuka boriti, mkono wa kushoto, mlango mfupi wa misumari. Mwisho wa kipupwe aliteleza kwenye ngazi zake, nyonga ikavunjika, akachukuliwa hospitali mji mpya, na tangu siku hiyo Ijumaa zetu zimekuwa za kipumbavu. Kila Ijumaa baada ya sala, kwa miaka, sahani kubwa ya kuskusi ilitoka mlango ule, ina nyama juu na zabibu, ikaja kwenye benchi hili. Hakuna aliyewahi kumwomba. Mke wa Redio alipofariki, ni yeye aliyepika msiba mzima, akamkalisha Redio jikoni kwake amenye vitunguu ili alie bila watu kumtazama. Duka langu liliposhika moto, ndoo ya kwanza ya maji ilitoka dirishani kwake, na ya mwisho pia, hiyo ya mwisho ilinipata mimi kichwani wakati moto umeshazimika. Alisema alitaka kuhakikisha.

Redio: Sasa tatizo ni nini? Mwanangu, si ni furaha hii?

Bushta: Hawezi kutembea bado, na daktari amekataza abebwe mgongoni. Nyonga imewekwa chuma. Magurudumu ya kile kiti cha hospitali hayafui dafu kwa ngazi zetu. Kutoka langoni mpaka hapa nitamleta juu ya nyumbu wangu Masuda, hilo si tatizo. Lakini hapa nyumbu hupita?

Kadhi: Hapiti.

Bushta: Basi. Dada yangu Rahma anataka amchukue kwake mji mpya, ghorofani, kuna lifti. Mama hataki. Amelia wiki nzima hataki. Anasema asiposikia kisomo cha kwa Walii halali. Shemeji Anwar ndiye kaja naye. Kaniambia mkataba waliokubaliana na Rahma: mama akifika mlangoni kwake leo bila kukanyaga chini, abaki. Asipofika, gari linageuka naye. Sasa nikasikia boriti imevunjika. Nikasema huenda Walii mwenyewe kamfungulia.

Hapo benchi likagawanyika.

Kadhi: Boriti haipo, katazo halipo. Nyumbu apite. Nimekwisha hukumu.

Redio: Wee! Kwani katazo lilikuwa kwenye mbao? Walii yuko palepale.

Kadhi: Mgonjwa ana ruhusa.

Redio: Mgonjwa anayo. Nyumbu anaumwa?

Bushta: Wazee wangu, mnabishana na mama yuko langoni juani!

Akageuka, akakimbia kupanda. “Balak! Balak!” Njia nyeupe, hakuna mtu.

Kadhi akamgeukia Ayashi, safari hii bila kukohoa.

Kadhi: Fundi, na wewe msimamo wako?

Ayashi: Mimi sina kimo. Fundi asiye na kimo hawezi kupigilia hata msumari. Endeleeni kutokujua, wazee, mpaka mama apite.

Nikampenda yule fundi. Redio akammiminia kikombe cha pili, na hakumsimulia chochote.

Walifika kabla kahawa haijapoa. Bushta mbele ameshika hatamu, Masuda anashuka kwa uangalifu kama anayejua amebeba nini, na juu yake Lalla Shama katika nguo nyeupe, amekonda, lakini macho yaleyale. Nyuma yao alikuja mwanamume wa makamo, viatu vinang'aa, mkononi ana mfuko wa dawa, jasho linamtiririka. Huyo ndiye Anwar, mkwe.

Lalla Shama: Bado mmekaa? Nimevunjika, nimeungwa, nimerudi, nyie bado mmekaa!

Redio: Tulikuwa tunakungoja, Lalla.

Lalla Shama: Mlikuwa mnaingoja sahani.

Tukacheka wote, na Redio akajifuta macho kwa kitambaa cha birika. Bushta akavuta hatamu apite.

Masuda akasimama. Alisimama pale pale, kwato zake za mbele kwenye jiwe lile ambalo amesimamia maisha yake yote, na mbele yake hapakuwa na kitu ila hewa. Bushta akavuta. Masuda akarudisha masikio nyuma. Redio akaleta bonge la sukari, akalishika upande wa pili, nyumbu akanyoosha shingo akalila, miguu haikusogea. Kadhi akaenda mbele yake, akamsomea hukumu yote kuanzia mwanzo, kwamba boriti haipo na mgonjwa ana ruhusa. Masuda akamtazama mpaka mwisho, akapiga chafya.

Lalla Shama: Mwacheni mnyama wa watu. Na nani aliwaambia mimi nataka kuingia kwa Walii nimepanda nyumbu? Mnataka majirani waseme Shama kavunjika nyonga na adabu?

Bushta: Mama, lakini utaingiaje?

Alitazama mlango wake, ule mfupi wa misumari, uko hapo hapo karibu, ungeweza kurusha ufunguo ukafika. Kisha akaitazama mikono yake. Nilimjua Lalla Shama akiwa mkali, akiwa na kicheko, akiwa na ndoo ya maji. Sikuwahi kumwona akitazama mikono yake.

Anwar akasogea, akasema kwa upole kabisa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia.

Anwar: Mama, twende tu kwetu. Umejaribu. Rahma amekutandikia chumba chenye dirisha. Gari liko pale juu.

Kadhi, kwa kukosa la kufanya, akarudi upande wetu kuchukua kikombe chake. Mzee mmoja aliyetoka kwenye ziara naye akapita, akashusha kichwa, akainua, akaenda. Anwar akawafuata wote wawili kwa macho.

Anwar: Samahani, wazee. Mimi mgeni wa mtaa huu. Mbona mnainama hapo?

Kadhi: Nani kainama?

Anwar: Wewe, mzee. Sasa hivi. Na wakati wa kwenda. Na huyu aliyetoka. Na huyu wa kahawa na sukari yake. Hakuna kitu hapo. Mnainamia nini?

Nawaambieni, kwenye benchi hili nimesikia majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa. Nimesikia Redio akieleza bahari ilitiwa chumvi na nani. Lakini leo Kadhi alifungua mdomo akaufunga. Redio akatazama hewa ile, akapeleka mkono taratibu akaipapasa, kama kipofu. Mimi nilikuwa nakumbuka: tangu juzi nimepita hapo mara ngapi, na mgongo wangu, ambao mke wangu hawezi kuuinamisha hata niokote kijiko, umeinama kila mara bila kuniuliza.

Sijui ni swali lile au ni mikono ya Lalla Shama. Nilijikuta nimesimama.

Mimi: Ondokeni kwenye benchi.

Kadhi: Kumetokea nini?

Mimi: Ondoka kwenye benchi langu, Kadhi! Bushta, leta lile blanketi la nyumbu. Fundi, shika hapa, litakaa imara?

Ayashi akaligonga kwa ngumi, akalitikisa miguu.

Ayashi: Hili litakuzika wewe na wajukuu wako.

Tukatandika blanketi. Bushta akamshusha mama yake kama anavyoshushwa mzigo wa vioo, akamlaza nusu amekaa, miguu imenyooka juu ya mbao. Mbele wakashika Kadhi na Redio. Nyuma nikashika mimi, Bushta akawa anamshikilia mama yake, na pembe ya nne ikabaki haina mtu. Ayashi alikuwa anavua joho lake aje, lakini Anwar akamkabidhi mfuko wa dawa, akapinda mikono ya shati, akashika. Viatu vyake vikateleza kwenye mawe, akavivua, akabaki na soksi.

Lalla Shama: Mkwe wangu, soksi hizo Rahma atakuua.

Anwar: Najua, mama.

Tukanyanyua kwa bismillahi. Benchi ambalo wale wawili wamelikandamiza miaka yote, leo wao ndio wamelinyanyua, na lilikuwa jepesi, wallahi, sijui ni kwa nini lilikuwa jepesi. Tukasogea. Tulipofika pale, Kadhi na Redio, bila kupeana hata ishara, wakainama.

Benchi likazama mbele. Lalla Shama akaanza kuteleza, akadaka kofia ya joho la Kadhi, akaivuta, Kadhi akakabwa, akawa anatoa sauti ya bata. Bushta akamkumbatia mama yake kwa nyuma. Mimi na Anwar tukavuta upande wetu kwa nguvu zote.

Lalla Shama: Vichwa maji nyie! Mnainamia nini? Hakuna boriti!

Redio: Lalla, tumejisahau!

Lalla Shama: Mmejisahau mkiwa mmenibeba mimi! Nimetengenezwa na madaktari, mje mnivunje nyie na adabu zenu! Rudini nyuma.

Anwar: Mama, tumeshapita nusu.

Lalla Shama: Rudini nyuma, nimesema. Nyie mmeinama. Mimi sijainama. Sijawahi kupita hapa wima tangu niletwe bi harusi, sitaanza leo.

Tukarudi. Akatuamuru tushushe wote pamoja, mbele na nyuma sawasawa, polepole, kama sinia lenye supu. Tukapiga magoti nusu, benchi likashuka, na yeye huko juu akakunja shingo yake iliyokonda, akashusha kichwa, akasema maneno yake na Walii ambayo hayakutuhusu. Nikageuza macho upande. Anwar, ambaye dakika chache nyuma ndiye aliyetuuliza, alikuwa ameinama kuliko sisi sote, na midomo yake inacheza.

Tukavuka. Nyuma yetu Masuda akapiga kelele moja, ile mbaya ya nyumbu, na nikasikia Ayashi anatuita kwa furaha.

Ayashi: Msigeuke! Nimekipata! Kimo nimekipata!

Alikuwa na penseli, amesimama ukutani. Akasema alitukodolea macho tangu Anwar aulize. Kila aliyepita aliinama kiasi chake, Redio mrefu aliinama sana, Kadhi mfupi aliinama kidogo, mimi na upara wangu katikati, mama wa watu juu ya benchi. Lakini vichwa vyote vilipita usawa mmoja, chini kidogo ya ufa ulioko ukutani. Hakuna hata kimoja kilichouzidi. Akachora mstari hapo hapo, na kabla hatujafika mlangoni kwa Lalla Shama tukasikia nyundo.

Tulimteremsha kitandani kwake, dirisha limefunguliwa, sauti ya wasomaji wa kwa Walii inaingia kama kawaida. Akalia. Akatushukuru mmoja mmoja kwa majina yetu halisi, si ya benchi, na hapo ndipo sisi tukashindwa, kwa sababu ndiye tuliyekuwa tumekuja kumshukuru, na hakuna aliyepata pa kuanzia. Kadhi alisema tu, “Lalla, ile ndoo ya maji,” wakati ndoo haikumhusu, ilinihusu mimi. Lakini alielewa.

Anwar alikuwa bado ana wasiwasi, akauliza mlangoni.

Anwar: Leo amefika, na mimi nitamwambia Rahma abaki. Sikatai. Ila akitaka kwenda kwa daktari? Nani atambeba?

Lalla Shama (kutoka ndani): Benchi liko wapi?

Mimi: Liko hapa mlangoni, Lalla. Nalirudisha sasa hivi.

Lalla Shama: Liache hapo hapo.

Mimi: Lalla, lile benchi ni la...

Lalla Shama: Liache.

Nikaliacha. Siku nzima iliyobaki nilikaa dukani peke yangu, nimesimama kama nguzo. Redio alihamisha jiko lake bila hata kuniaga. Alasiri boriti ikawa imekaa, mpya, nyeupe, inanukia mwerezi, na nikauza mishumaa mingi kuliko siku zote kwa sababu hakuna mtu aliyenizibia mlango. Sikufurahi. Nilisikia kicheko cha Kadhi kinatoka huko ndani, nikafunga duka mapema, nikaenda. Nilipopita chini ya boriti niliinama bila kuitazama. Haikunigusa, wala haikubaki nafasi ya kidole.

Nikawakuta wote mlangoni kwa Lalla Shama, kwenye benchi langu, wamenibakizia pembe. Anwar naye alikuwepo. Gari lake lilikuwa langoni tangu mchana na hakuonekana kulikumbuka. Alikuwa na kikombe mkononi, soksi zake zimeanikwa kwenye msumari wa mlango.

Anwar: Mzee Nta, umekuja vizuri. Hawa wamenizungusha mchana kutwa. Wameniambia habari za pua, za jemadari, za kifungo cha joho. Mimi nauliza kitu kimoja tu. Leo asubuhi, boriti haipo, mlikuwa mnainamia nini?

Nikamtazama Kadhi. Kadhi akamtazama Redio. Redio akainua birika ili ajibu akimimina, likatoka tone moja, kisha halikutoka kitu.

Redio: Kahawa imekwisha.

Akaliweka birika chini.

Lalla Shama (kutoka ndani): Kama imekwisha, si muingie mchukue maji? Mmegeuka wageni?

Tukanyanyuka wote wanne, na Anwar mbele, tukaingia tumeinama, maana mlango ule ni mfupi kweli.